Waliompa Samaki Taya

Ndani ya yai la samaki, zama ambazo samaki hawakuwa na taya, waliishi ndugu watatu wa kike. Waliosoma huwaita jeni. Wenyewe waliitana dada na mdogo wangu kama watu wengine. Kazi yao ilikuwa ya mapema, kabla jicho halijatokea wala moyo haujaanza kupiga. Chembe za mtoto mwanzoni zote ni sawa, kwa hiyo lazima awepo wa kuziambia ipi iwe nini na ikae wapi.

Mkubwa, Mwanatumu, alijaliwa sauti isiyokosea. Alianzia nyuma ya kichwa akashuka mpaka mkiani: "Hapa matamvua! Hapa tumbo! Hapa mkia!" Chembe zikatii. Maneno hayo aliyarithi kwa mama yake, naye kwa mama yake, hadi kwa bibi mmoja wa matopeni ambaye hata uti wa mgongo hakuwa nao.

Wa pili, Sikudhani, alijaliwa kutoogopa kukosea. Huyu alikuja kwa bahati. Kila yai jipya linapotungwa, kuna Mnakili anayenakili maneno ya ukoo. Siku moja alichoka, akamnakili Mwanatumu mara mbili. Vikawa vinywa viwili, wito mmoja.

Wa mwisho, Siwema, hakujua kuita kabisa. Alijaliwa kunyamazisha. Alijua pa kusimama ili sauti isipite, basi.

Aliyewalisha wote ni Bi Kiini, bibi mnene wa manjano aliyekaa katikati ya yai.

Huko nje hali ilikuwa mbaya. Samaki wale walikula kwa kufyonza tope, maana mdomo ulikuwa tundu tu. Tope laini likaisha. Wakabaki wadudu wenye magamba magumu, na mdudu wa gamba hafyonzwi. Watoto walianguliwa, wakahangaika siku tatu, wakafa.

Bi Kiini akawaita wote watatu. "Mimi nawalisha mpaka hapo nitakapoisha. Mtoto huyu akitoka na tundu la mdomo atakufa, na sisi tutakwisha naye. Atakayempatia kitu cha kung'atia, nitampa mlinzi. Ninaye mmoja tu."

Mwanatumu aliposikia habari ya mlinzi, alimtamani. Mnakili hukosea kidogo katika kila yai, na asiyelindwa huguguniwa neno moja moja. Zamani Mwanatumu hakuhitaji mlinzi. Alikuwa peke yake, na yai alimonakiliwa vibaya halikuanguliwa, basi kosa likaishia humo. Lakini tangu wawe wawili, mmoja akikosea mwingine huziba pengo, hivyo hata yeye angeweza kuguguniwa bila mtu kushtuka. Aliyaona hayo kwa mama yake mdogo, ambaye naye alikuwa pacha wa kunakiliwa. Mama huyo alianza kusahau mkia, kisha tumbo. Sasa amekaa pembeni, midomo inacheza, sauti haitoki.

Basi kazi ikaanza.

Mwanatumu aliita kama siku zote. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Mtoto akapata mgongo, akapata tumbo, akapata mkia.

Sikudhani naye aliita, ila alivyotaka yeye.

"We Sikudhani! Hapo ni tumbo, unaita madudu gani?"

"Najaribu tu, dada. Kwani mtoto kafa?"

"Hajafa kwa sababu mimi nimeshaita tumbo!"

"Basi si tuna bahati."

Mwanatumu akafyonya, akaendelea. Sikudhani akazurura mpaka mbele kabisa, kwenye gegedu la kwanza la matamvua, ule mfupa laini unaoshikilia viungo vya kupumulia. Hapo akabuni wito ambao ukoo mzima haujapata kuusikia: "Jikunje katikati! Funga! Fungua!" Gegedu likaanza kujikunja kama bawaba ya mlango, halafu likakwama. Sauti ya dada mkubwa ilikuwa inafika mpaka pale, "Hapa matamvua!" nalo likashindwa kujua limtii nani. Likakakamaa.

Hapo ndipo Siwema alipoinuka. Alikwenda akasimama nyuma ya gegedu lile, uso kwa uso na Mwanatumu.

"Dada, kuanzia hapa sauti yako isipite."

"Unaniziba mdomo mimi? Mimi niliyekujengea pa kusimama?"

"Sikuzibi. Huku nyuma ita mpaka uchoke."

"Nilishachoka kabla hujazaliwa," Mwanatumu akasema, akageuka kuendelea na mgongo.

Mbele pakatulia. Wito wa Sikudhani ukasikika. Gegedu likajikunja, sehemu moja juu, moja chini. Taya.

Yai lilipopasuka mtoto alimwendea mdudu wa gamba, akambana, gamba likalia kakaka. Bi Kiini, aliyekuwa amebaki kijimkunjo tumboni mwa mtoto, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, "Haya, mlinzi nimpe nani?"

"Mimi," Sikudhani akasema. "Taya nimeliita mimi. Na wito wangu bado mchanga, Bibi. Mnakili akiugusa kidogo, tunarudi kwenye tope."

"Mimi," Siwema akasema. "Walikuwa wanapigiana kelele na mtoto anakakamaa. Nikiteleza siku moja tu, taya linageuka tamvua."

Mwanatumu naye akasema, "Mimi sikutengeneza taya. Nimemtengeneza mwenye taya. Lingening'inia wapi? Na huyu mdogo wangu amekosea mara mia. Kila alipokosea, nani alikuwa anamlea mtoto?"

"Wewe, dada," Sikudhani akasema, safari hii bila mzaha. "Ningekuwa peke yangu nisingethubutu."

Bi Kiini akamtazama mkubwa. "Lakini mnajua mlinzi ni nini? Hafukuzi makosa mabaya tu. Hafahamu baya wala zuri. Nitakayempa, atasema maneno yale yale katika kila yai mpaka mwisho wa dunia. Hatabuni kitu tena. Bado unamtaka, Mwanatumu?"

Mwanatumu alimkumbuka mama yake mdogo, akaogopa. Akamtazama Sikudhani, akaona wivu ambao hakuwahi kuukiri.

"Ninachotaka," akasema, "ni kukosea mara moja na mtu asife. Lakini nikikosea mimi, watakaojenga mgongo ni hawa?"

Wadogo zake wakatazamana. 

Bi Kiini alikuwa anaisha, na Mnakili ameshakaa kuandika yai la pili. Mlinzi ni mmoja. Amsimamie mkubwa aliyebeba mwili mzima, ingawa hatakuwa na ruhusa ya kujaribu kitu maishani mwake? Amsimamie wa pili aliyebuni taya, abaki na wito huo mmoja tu? Au amsimamie yule aliyejua pa kuzuia sauti? Wewe uliyesikiliza, ungempa nani? Na ukishasema jina, geuka uwaambie wawili waliobaki, usoni, kwa nini wao ndio waachiwe makosa ya Mnakili.