Siku Tatu za Mwalimu Lugendo

"Atembeaye na mtoto, mtoto ndiye saa." Asubuhi hii mmemsikia Mama Ng'olo wa maziwa akimwambia hivyo yule binti aliyekuwa akimkokota mwanawe kwenye ngazi za mawe, nanyi mkacheka, kisha mkaniuliza maneno hayo yametoka kitabu gani. Hayakutoka kitabuni, wajukuu zangu. Yalitoka kwa watu wa nyumba hii hii, na aliyeyasema mara ya kwanza ni mwana wa kaka yangu. Nilikuwapo. Mwanzo wake ulikuwa huu.

Lugendo alikuwa mwalimu wa hesabu Tunduru, kule kusini kabisa, na mkewe Nyanzala alikuwa muuguzi Tabora. Kila mmoja aliomba uhamisho amfuate mwenzake, na kila mmoja akajibiwa asubiri. Wakasubiri miaka mitatu. Watoto wao wawili, Milembe aliyekuwa na miaka sita na mdogo wake Kashinje aliyekuwa bado hajatimiza minne, walikaa na mama yao. Baba walimwona shule zikifungwa tu, Juni na Desemba. Na kwa kuwa njia ya Tunduru hadi Tabora humla mtu siku mbili kwenda na siku mbili kurudi, likizo ilikuwa ikiisha kabla Kashinje hajaacha kujificha nyuma ya kanga ya mama yake.

Jambo hilo lilimuuma Lugendo, ingawa hakuwa mtu wa kulalamika. Juni moja akanipigia simu.

"Shangazi, nawaleta watoto Mwanza siku tatu. Nataka wafurahi. Nataka wakiikumbuka likizo hii, wanikumbuke na mimi."

"Karibuni," nikamwambia. "Vitanda vipo, samaki wapo. Njooni mpumzike."

"Kupumzika kumo, Shangazi. Kumewekwa saa tisa na nusu mpaka saa kumi."

Nikacheka, nikidhani ananitania.

Hakuwa anatania. Lugendo ndiye aliyekuwa akipanga ratiba ya vipindi shuleni kwake, madarasa tisa kwa walimu kumi na wawili, na hakuna darasa lililowahi kukaa bila mwalimu. Watu walimsifu sana kwa kazi hiyo. Basi na safari ya watoto akaipanga vivyo hivyo. Walipofika kutoka stesheni, kabla hajavua viatu, alibandika karatasi ukutani pale sebuleni. Saa mbili kamili, chai. Saa mbili na dakika arobaini, kuondoka. Saa tatu na nusu, boti ya Kisiwa cha Saanane. Saa sita, Jiwe la Bismarck na kupiga picha. Saa saba, chakula. Saa nane, sokoni. Siku ya pili ilianza na makumbusho ya Wasukuma kule Bujora, ikaendelea mpaka chini ya karatasi. Siku ya tatu sikuisoma. Nilikwisha kuchoka na hali sijatoka nje.

Nyanzala aliisoma yote polepole, mikono kiunoni.

"Baba Milembe," akasema, "kwenda chooni kumeandikwa wapi?"

"Wataenda kabla ya kuondoka."

"Na Kashinje?"

"Kashinje pia."

Nyanzala akanitazama. Mimi nikageukia sufuria yangu.

Siku ya kwanza walitoka wanne, mimi nikabaki. Mnazijua ngazi za hapa Mabatini: kila moja ina kimo chake. Kashinje alitaka kuzishuka zote kwa miguu miwili, huu ukifika unaungoja mwenzake. Ngazi ya tano Lugendo akatazama saa. Alikuwa na saa kubwa ya chuma, na alipoitazama uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyeitwa na mkubwa wake. Ngazi ya kumi akambeba mtoto, na kilio nikakisikia mpaka barabarani.

Boti waliiwahi. Kisiwani, Nyanzala alinihadithia baadaye, Milembe alimwona pimbi amekaa juu ya mwamba akiota jua, akachuchumaa kumtazama. "Baba, huyu ana mkia?" "Hana. Haya twende, pundamilia tumempa dakika kumi." Walipomfikia pundamilia, Kashinje akataka maji. Maji yalipopatikana, akataka kwenda msalani. Picha ya Jiwe la Bismarck ilipigwa kwa wakati wake, jiwe limetoka vizuri sana, na watoto wote wawili wanalia. Saa nane walikuwa sokoni, Kashinje amelala begani kwa baba yake mdomo wazi, na baba anaendelea kutaja majina ya samaki.

Jioni nikawaogesha, nikawapa uji. Nikamwuliza Milembe, "Haya mama, umeona nini leo mjini?"

Milembe akafikiri sana. Alikuwa mtoto wa kusema kweli.

"Tumeona mgongo wa Baba."

Tulicheka mpaka Nyanzala akamwaga chai. Lugendo naye alicheka, lakini nilimwona akiinuka kwenda kusimama mbele ya ile karatasi yake. Nikafikiri sasa ataichana. Akatoa kalamu mfukoni, akapunguza chai ya kesho dakika kumi.

Siku ya pili nikaamua kufuatana nao. Tukatoka mapema kuelekea kituo cha magari ya Bujora, na ngazi za kwanza tukazishuka salama. Pale chini, yale mawe makubwa mawili yanapoegemeana kama wazee wanaonong'onezana, jua lilikuwa limekwisha kupiga, na mijusi wametoka. Ninyi mmewazoea. Mtoto wa Tabora hajawahi kumwona mjusi mwenye kichwa cha zambarau na mwili wa buluu akipiga pushapu juu ya jiwe. Kashinje alilala kifudifudi palepale na nguo zake safi. Milembe akalala pembeni.

"Dakika tano," akasema Lugendo.

Watoto wakanong'onezana. Kisha Kashinje akainuka, akaja mpaka kwa baba yake, akanyoosha mkono.

"Baba. Nipe saa."

Wajukuu zangu, tangu wafike, mtoto yule hakuwa amemwomba baba yake chochote. Maji aliomba kwa mama, kubebwa aliomba kwa mama, hata kufungwa kamba za viatu. Lugendo akaivua ile saa upesi kama kwamba mtoto angebadili mawazo.

"Shika, mwanangu. Dakika tano zikiisha, wewe ndiye utakayetuambia."

Kashinje akaipokea kwa mikono miwili. Akaitia sikioni, akasikiliza. Akatembea nayo mpaka kwenye ufa wa yale mawe mawili, akachuchumaa, akaitumbukiza. Haikumponyoka. Aliitia kama mtu anavyotia barua katika sanduku la posta. Tukaisikia ikishuka, ka, ka, ka, kisha kimya.

Lugendo alipiga magoti, akapenyeza mkono mpaka begani. Ufa ule hauna mwisho. Mpira wa mjukuu wa jirani ulizama humo, haukuonekana tena. Aliposimama shati lake lilikuwa limechanika kwenye kiwiko, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya darasani.

"Kashinje! Umefanya nini?"

Mtoto akakimbilia nyuma ya kanga ya mama yake. Nikasema moyoni, basi, miaka mitatu mingine imekwisha kupotea hapa.

Milembe akaja kusimama katikati. 

"Usimpige, Baba. Tulipanga wote wawili."

"Mlipanga nini?"

"Kuitupa."

"Kwa nini, Milembe? Saa ya baba yenu imewakosea nini?"

"Ndiyo inayokuambia uondoke," akasema Milembe. "Ukiiangalia tu, tunaondoka. Jana ukaiangalia, tukamwacha pimbi. Na mwezi wa kwanza, ulipokuwa unakwenda shuleni kwako, Kashinje alikuwa bado anakula, ukaiangalia, ukasema basi limefika. Kashinje akasema tukiitupa hutajua. Utabaki."

Nyanzala alijifunika uso kwa upindo wa kanga. Mimi nilijifanya naangalia njia. Lugendo akakaa juu ya jiwe, palepale alipokuwa, na akakaa muda mrefu. Siwezi kuwaambia muda gani, maana saa hatukuwa nayo tena. Mijusi waliokuwa wamekimbia kelele wakarudi mmoja mmoja.

"Kumbe," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, si kwetu. "Nami nilidhani mtoto hanitaki."

Kisha akaita. "Kashinje. Njoo unionyeshe yule mwenye kichwa cha zambarau."

Jicho moja likatokea pembeni ya kanga. "Tunaondoka?"

"Sijui," akasema Lugendo, akauinua mkono wake mtupu. "Sina saa."

Mtoto akautazama ule mkono. Akacheka, cheko la tumboni ambalo sisi tuliokuwa pale hatujalisahau, akatoka nyuma ya kanga, akaenda kulala kifudifudi karibu na baba yake. Mwalimu wa hesabu naye akalala kifudifudi. Watu walipita wakienda kazini, wakamsalimia akiwa chini hivyo hivyo.

Bujora hatukwenda. Mijusi tuliwatazama mpaka Kashinje aliposema njaa inauma, ndipo tukaenda kwa mama ntilie pale barabarani tukala ugali na sangara, kila mtu kwa mwendo wake. Watoto waliposinzia tukarudi nyumbani wakalala, na baba yao akalala pia, si ile nusu saa ya kwenye karatasi. Walipoamka Milembe akauliza ile meli inayobeba magari kule ziwani inakwenda wapi. Lugendo akasema, "Twende tukaone." Tukapanda kivuko, tukavuka upande wa pili, tukala mahindi ya kuchoma, tukavuka kurudi. Hakukuwa na kitu cha kuona huko ng'ambo isipokuwa mahindi na mbuzi mmoja mwenye kengele. Watoto waliona ndiyo safari kubwa kupita zote duniani.

Kwenye kivuko cha kurudi palikuwa na mzee mmoja amepakata tenga la kuku. Akamgeukia Lugendo.

"Samahani kijana, saa ngapi sasa?"

Lugendo, kwa mazoea, akainua mkono. Hakuna kitu, isipokuwa ule utepe mweupe wa ngozi isiyojua jua. Akamtazama Kashinje aliyekuwa mapajani pake, kichwa kinaanguka kinainuka.

"Ni saa ya kulala, mzee."

"Ya kulala! Mchana huu?"

"Ndiyo saa niliyo nayo," akasema Lugendo. "Nimetoka na watoto. Atembeaye na mtoto, mtoto ndiye saa."

Mzee alicheka mpaka kuku wakapiga kelele. Mama mmoja mwenye ndoo ya nyanya akayarudia yale maneno kwa mwenzake, mwenzake akamwambia wa nyuma, na tulipofika gatini yalikuwa yamekwisha kushuka kabla yetu. Wiki ile ile nikayasikia sokoni, mwanamke akimwambia mumewe aliyekuwa akimharakisha yeye na mtoto. Leo anayasema Mama Ng'olo, naye hajawahi kumwona Lugendo.

Lakini msidhani nawafundisha uzembe. Siku ya tatu ilikuwa siku ya treni, na treni haisubiri mtoto amalize kuchuma maua. Wasingekuwa na mimi na saa yangu ya ukutani, wangelala Mwanza hadi treni nyingine. Niliwaamsha, nikawavalisha, nikawasukuma mpaka stesheni, na pale ndipo Lugendo alipofanya jambo lililonipendeza kuliko yote. Aliinama mbele ya wanawe, akawaambia kweli.

"Nikiwafikisha nyumbani, nitarudi Tunduru. Saa haikuniita. Kazi ndiyo iliyoniita, na hata bila saa ningekwenda. Lakini nitarudi tena kwenu."

"Lini?" akauliza Kashinje.

Nikamwona akitaka kutaja tarehe. Akaimeza.

"Embe la uani kwenu litakapoanguka la kwanza."

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Hilo alilielewa.

Mwaka ule mvua ziliwahi, na maembe yakawahi. Nyanzala alinipigia simu akicheka na kulia pamoja: embe la kwanza lilianguka alfajiri, Kashinje akaliokota, akavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto na cha kushoto mguu wa kulia, akaenda kukaa kizingitini kumngoja baba yake. Hakutaka kuingia ndani, hata chai aliletewa hapo hapo. Nyanzala hakujua afanye nini, akampigia mumewe.

Shule ya Lugendo ilikuwa bado wiki moja kufungwa. Mitihani alikwisha kuisahihisha yote, alama alikwisha kuziandika. Akaenda ofisini kwa mkuu wa shule kuomba ruhusa. Mkuu akashangaa, maana katika miaka ile yote mwalimu huyu hakuwahi kuondoka hata dakika moja kabla ya kengele.

"Mwalimu Lugendo, mbona unataka kwenda kabla ya wakati?"

"Wakati umefika, mkuu," akajibu Lugendo. "Atembeaye na mtoto, mtoto ndiye saa."