Kanuni Aliyoivumbua Chui

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati kengele ya shule ilikuwa jiwe kugongwa kwa jiwe, pimbi walikuwa na shule yao juu ya majabali. Walimu walikuwa wawili tu, na hawakuelewana hata siku moja.

Mkuu wa shule alikuwa Bwana Kobe. Yeye alianza na kanuni.

"Jani lenye utomvu mweupe haliliwi. Semeni!"

Watoto wakasema.

"Tena!"

Wakasema tena, jabali likavuma. Jani lenyewe waliliona baadaye, kama muda ulibaki.

Mwalimu Zamda, pimbi mwembamba asiyetulia, alianzia huko mwisho. Alitandaza majani kumi juu ya mwamba, akayavunja moja moja, akauliza, "Mnaona nini?" Watoto wakanusa, wakabishana, wakasukumana, mpaka jua limefika utosini ndipo mmoja anaruka: "Mwalimu! Yote mabaya yanatoa maziwa!"

"Asubuhi nzima kwa ajili ya jani!" Kobe alilalamika. "Mimi ningewaambia kwa pumzi moja."

"Na kwa pumzi ya pili wangekuwa wamesahau, Bwana Mkuu."

Wakaendelea hivyo, kila mmoja na lake, hadi asubuhi ile Chui alipotokea mlangoni mwa darasa.

Kwii! Kwii! Watoto wote mianyani, pyuu! Jabali lile lilikuwa na mianya zaidi ya mia. Chui akatia mkono mwanya wa kwanza, akautoa mtupu. Wa pili: mtupu. Wa tatu, vumbi tu. Akachoka. Akageuka, akambana Mwalimu Zamda kwenye kona kabla hajapata pa kupenya.

"Shikamoo, Bwana Chui," Zamda alisema.

"Marahaba. Usitetemeke, nimekuja kusoma." Chui akaketi, mkia ukichapa chini, pa, pa. "Mwanya wenye watoto unatambulikaje? Nikilijua hilo, sihangaiki tena maisha yangu yote. Nifundishe."

"Na nikishakufundisha?"

"Wewe nitakuacha. Sungura wa bondeni naye nilimwomba mwaka jana. Akanipa kanuni, tena kwa ufasaha. Nikaijaribu, nikakuta uongo mtupu. Umemwona Sungura siku hizi?"

"Sijamwona."

"Basi. Narudi kesho jua likichomoza."

Akaondoka. Zamda akamkimbilia Kobe, aliyekuwa amejificha ndani ya gamba lake, akamweleza yote.

Kuhama hawakuweza. Chini ya majabali ni uwanda mtupu usio na hata shimo la panya. Chui angewaokota watoto njiani mmoja baada ya mwingine.

"Mwambie wako upande wa machweo," Kobe alishauri. "Kanuni fupi, aende zake."

"Ndivyo alivyokufa Sungura, Bwana Mkuu. Nikimpa kanuni ataipima. Nataka aivumbue mwenyewe. Akiivumbua mwenyewe, hataishuku."

"Kwa mifano?"

"Kwa mifano."

Kobe alitafuna bila kuwa na kitu mdomoni. "Na mifano yenyewe ni nani?"

Zamda aliwatazama watoto.

Akachagua sita wepesi. Akachagua na mianya mitatu yenye tundu la kutokea nyuma. Kisha akamgeukia Kobe. "Leo hatuna muda wa kuvumbua. Naomba uwafundishe wewe."

Kobe akasimama mbele ya wale sita. "Mkisikia neno 'mfano', lieni mara moja, tokeni kwa nyuma, msigeuke. Semeni!"

"Mfano! Tulie, tutoke, tusigeuke!"

"Tena!"

Mtoto mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa Chiku, ambaye kila siku alikuwa na swali. "Mwalimu, kwa nini tusigeuke?"

Zamda alimpenda Chiku kwa maswali yake. Lakini leo alimkatiza kwa ukali: "Leo usiulize!" Chiku akashusha mkono. Zamda roho ikamuuma, lakini hakuomba radhi, maana jua lilikuwa linashuka.

Jioni wakabeba majani makavu. Mlangoni mwa mwanya wa kwanza wakaweka kiganja kimoja. Wa pili, viganja viwili. Wa tatu, vitatu, kila kiganja na mtoto wake ndani. Mwanya wa nne wakaurundikia majani alfajiri, mwenyewe alipokwisha kulala, mpaka mlango ukakaribia kuzibika. Humo alikaa Bi Nungu, yule nungunungu mwenye hasira, ambaye hurejea matembezini alfajiri na hataki kusikia hata kikohozi akilala. Kumwomba ruhusa? Hakuna aliyethubutu.

Asubuhi Chui akafika, ameshajiramba midomo.

"Haya, kanuni yako ni ipi?"

"Sina kanuni, Bwana Chui. Wewe una macho na una akili. Twende tutazame." Wakaufikia mwanya wa kwanza. "Huu hapa ni mfano."

"Kwii!" ikalia sauti moja ndani.

Chui akatumbukiza mkono, chwaa! Akautoa mtupu. "Amekimbia! Lakini alikuwemo, mwamba bado una joto!"

"Na mlangoni unaona nini?"

"Majani makavu. Machache."

"Huu hapa ni mfano mwingine."

"Kwii! Kwii!"

Chwaa! Mtupu tena. Lakini Chui sasa hakukasirika. Macho yake yalikuwa mlangoni. "Majani yameongezeka. Na sauti zimekuwa mbili!"

"Mimi sijasema kitu," Zamda alisema, na kweli hakusema.

Wakafika wa tatu. Chiku alikuwa humu. "Huu hapa ni mfano wa mwisho."

"Kwii! Kwii!"

Kimya.

Wa tatu yuko wapi? Chui alikuwa ameshatumbukiza mkono hadi begani. Zamda akahesabu mapigo ya moyo wake mwenyewe. Moja. Mbili.

"Kwiii!"

"Nimegusa! Nimegusa!" Chui akavuta mkono. Kwenye makucha kulikuwa na kishungi cha manyoya ya kahawia.

Zamda alitaka kupiga yowe. Aliung'ata ulimi wake, akauliza taratibu, kama mwalimu anayeuliza darasani: "Mkono ulifika vizuri?"

"Haukufika vizuri."

"Basi mwanafunzi anafikiri nini?"

Chui akafikiri. Uso wote ukang'aa. "Kichwa! Nitie kichwa! Na subiri, usiniambie, nimeshaelewa mwenyewe! Majani machache, mtoto mmoja. Mengi, watoto wengi!" Akageuka, akauona mlango wa Bi Nungu na rundo lake. "Mama yangu! Pale liko darasa zima!"

"Una hakika, Bwana Chui? Pengine ungepima kwanza kwa..."

"Nipime nini? Nimevumbua mimi!"

Akaruka, akazama kwa kichwa kwenye majani hadi mabegani. Ndani mtu akaguna, akageuza mgongo.

Chaka-chaka-chaka!

"MAMAAA!"

Chui alichomoka uso mzima umejaa miiba, kwenye pua, kwenye mashavu, kwenye ulimi. Akabiringika majabalini, pu! pu! pu! Akakata uwanda huku analia, na tangu siku ile hakurudi kusoma.

"Nani kanimwagia takataka mlangoni?" Bi Nungu alifoka. Hakuna aliyemjibu. Zamda alikuwa anakimbilia nyuma ya jabali.

Watoto walikuwa wamejipanga na Kobe anawahesabu. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Kobe akaanza upya. Watano.

"Chiku!" Zamda aliita. "Chiku weeee!"

Akalifuata tundu la mwanya wa tatu, akaingiza kichwa gizani. Chiku alikuwa amejibanza ndani, na kiunoni pamebaki kipara kama sarafu.

"Mwalimu, niligeuka."

"Kwa nini, mwanangu? Kwa nini?"

"Nilitaka kujua kama mkono wake unafika."

Zamda akamkumbatia, machozi yakimtiririka. "Na?"

"Unafika."

Kesho yake jiwe lilipogongwa, Bwana Kobe alikuja na majani kumi, akayatandaza kwenye mwamba, akajikohoza kwa aibu. "Mnaona nini?"

Naye Mwalimu Zamda alimweka Chiku mbele ya darasa, watoto wakakiona kile kipara, kisha akasema, "Mkiambiwa msigeuke, msigeuke. Semeni!" Wakasema. "Tena!" Na Chiku ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Hadithi yangu naiachia hapo, na funzo lake ni hili: jambo linaloua tuambiane mapema, mengine tuyavumbue wenyewe, na ukiona umevumbua jambo upesi mno, uliza kwanza nani aliyekupangia mifano.