Wagonjwa wa Bondeni na Wazima wa Mlimani

Hapo zamani za kale, watoto wangu, mito ilipokuwa bado na sauti na wanyama wakipika jikoni kama sisi, palikuwa na nchi mbili zilizotazamana: Bondeni na Mlimani. Jioni moshi wa huku ulikutana na moshi wa kule, na aliyeishiwa chumvi alivuka tu akaomba.

Kindi alikulia nchi zote mbili, maana mama yake alikuwa wa huku na baba yake wa kule. Lakini hakupapenda popote kama jikoni kwa Bi Nungu, kule Mlimani. Bi Nungu alichoma magimbi akiyageuza kwa vidole vitupu. Yakiiva, alitikisa miiba yake, chaka-chaka-chaka, na watoto wa kijiji kizima wakaja mbio. Hata ukubwani, Kindi akinusa majivu ya moto alijikuta ametega sikio.

Kisha ukaja ukame, mto ukabaki mwembamba kama uzi. Nchi zote mbili zikakubaliana kuchimba mfereji mmoja kutoka chemchemi ya mbali. Asiyeweza kazi akae kivulini na anywe wa kwanza. Na nani hawezi? Kila mmoja aseme mwenyewe. Kindi, kwa kuwa ana mbio, akapewa kazi ya kuuliza.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Mwili unakuzuia kufanya kazi?"

"Marahaba. Unanizuia sana, mjukuu. Mgongo huu, nikiamka unalia ko, mpaka nijinyooshe."

"Na wewe, Mzee Nyati?"

"Usinikumbushe. Goti la kushoto linaniuma nikilala."

"Ukisimama?"

"Nikisimama linanyamaza. Lakini nani anataka kusimama?"

Bondeni ndivyo walivyoamkiana tangu enzi. Asiyetaja maumivu yake alionekana ana majivuno. Mlimani ilikuwa kinyume: kulalamika kulikuwa aibu kubwa kuliko kuiba.

"Bi Nungu, shikamoo. Mwili unakuzuia kazi?"

"Marahaba. Hata, mjukuu wangu. Mguu tu, kidogo."

Kindi akautazama mguu. Jiwe liliuangukia, ukavunjika, na sasa umevimba kama gimbi. "Bibi, huukanyagi."

"Ninayo mingine mitatu."

Basi ikawa wa Bondeni wote wagonjwa, wa Mlimani wote wazima. Bondeni wakakaa, Mlimani wakachimba.

"Nchi yetu imeingiliwa na maradhi," Kiboko akaguna kivulini. "Wenzetu wamejaliwa afya. Hebu nisogezee mtungi."

Kilichomnyima Kindi raha ni kwamba hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alijipima kwa pishi ya kwao. Lakini adhuhuri moja Bi Nungu alianguka mferejini, pu! Akajizoazoa, akasema ameteleza, akaendelea kuchimba. Kindi akaona wazi: siku nyingine kama hii, bibi hatainuka.

Kesho yake akafika Bondeni anahema. "Wazee, kuna wageni wanaomba kivuli chenu. Wa kwanza anaitwa Bwana Fulani."

Kiboko akautazama mtungi. "Ana nini?"

"Akiamka, mgongo wake unalia ko, mpaka ajinyooshe. Akishakunywa uji anausahau."

"Huyo mzima. Mpe jembe."

"Ana ndugu yake, goti linamuuma akilala."

"Asilale," akasema Nyati. "Wavivu hawa wametokea wapi?"

"Mna hakika, wazee? Labda kwao huo ni ugonjwa."

"Kwao wapi? Mgongo ni mgongo," akasema Kiboko. "Wachimbe."

"Na yupo mama mmoja. Mguu umevunjika, anatembea kwa mitatu. Jana alianguka akichimba."

Nyati akainamisha pembe. "Huyo akae. Ni nani asiye na haya anayemchimbisha?"

Kindi akakimbia hadi mferejini, akamsimulia Bi Nungu habari za mama yule.

Bi Nungu akasimamisha jembe. "Masikini. Hana majirani? Angekuwa karibu yangu, ningemnyang'anya jembe."

"Basi lete, bibi."

"Nilete nini?"

"Jembe."

Bi Nungu akautazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akafungua mdomo aseme hajambo. Badala yake akaliachia jembe. Akaketi.

Kindi akaliburuta jembe, kwaru-kwaru-kwaru, mpaka miguuni pa Kiboko.

"Bwana Fulani amefika?" Kiboko akauliza.

"Alifika zamani, Mzee. Na nduguye amekaa hapo kando yake."

Nyati ndiye aliyeelewa kwanza. Alikohoa sana, akasimama, na goti likanyamaza. Kiboko alichelewa kidogo.

"Mjukuu," akasema mwishowe, "wewe si mtu mzuri."

Akainuka. Mgongo ukalia ko. Akajinyoosha, akaliokota jembe, akashika njia ya mferejini, na Bondeni wote nyuma yake. Bi Nungu akaletwa kivulini, akanywa wa kwanza.

Mfereji ule ulikwisha fukiwa, watoto wangu, na nchi zile hakuna azikumbukaye ila sisi wasimuliaji. Lakini shikeni hili: ukitaka mtu ayapime maumivu yake kwa haki, mpe kwanza ya mwenzake ayapime.