Mpima Maziwa na Daftari la Binti Yake

Wekeni kidole kwenye ukurasa wa Biblia mliofungua, wapendwa, usipotee. Kwanza nataka niwatembeze kule kwenye baridi, ambako watu wanakamua ng'ombe huku wamejifunika mashuka, na maziwa yanapelekwa kituoni kwa ndoo na madumu.

Kulikuwa na mpima maziwa mmoja kwenye kituo kama hicho. Mnamjua mtu wa namna hiyo. Unafika na dumu lako, yeye anachota kidogo, anatumbukiza kile kijiti cha kioo kinachoelea, anasoma namba. Namba ikiwa nzuri, anatikisa kichwa na maziwa yanaingia kwenye tangi. Ikiwa mbaya, anasema maneno mawili tu: "Rudi nayo." Mbele ya foleni nzima! Hakuwa mtu mbaya, hata kidogo. Alikuwa mwaminifu kiasi kwamba siku moja alimrudisha mama mkwe wake, na mama mkwe akakaa mwezi mzima bila kuitika salamu yake. Hebu niambieni, wakwe waliomo humu, nani ana ubavu huo?

Mtu huyu alikuwa na binti wa miaka kumi na tano. Tumpe jina, maana mtoto anayeumwa hafai kukaa bila jina. Tumwite Tusekile. Tusekile alikuwa na kisukari cha aina ya kwanza tangu akiwa darasa la tatu. Na hapa naomba tuelewane. Hiki siyo kile tunachokisingizia soda na uzee. Hiki kinampata mtoto bila kosa lake wala la mama yake. Mwili unaacha kutengeneza insulini, basi, na asipochomwa insulini kila siku atakufa. Nalisema wazi kwa sababu humu ndani wapo ambao bado wananong'ona habari za kurogwa. Acheni.

Basi Tusekile alikuwa akijitoboa kidole mara nne kwa siku, anasoma namba ya sukari kwenye mashine ndogo, anaiandika kwenye daftari. Na kila Jumapili baada ya ibada baba anavaa miwani, anakaa kwenye kochi, anasema, "Lete daftari." Akikuta saba, "Safi." Akikuta sita, "Safi sana." Akikuta kumi na sita, miwani inashuka puani.

"Umekula nini?"

"Sijala kitu, baba."

"Namba hailali chini ikaamka yenyewe. Umekula nini?"

Mama naye jikoni machozi, na chakula cha Jumapili kinaliwa kimya kama msibani. Sasa niulize, mnadhani ilichukua muda gani? Haikuchukua muda. Daftari likawa zuri ajabu. Sita, saba, sita, nane. Baba akafurahi, akalibeba mpaka kituoni kuwaonyesha wenzake. Kliniki nao wakalitazama, wakaacha kipimo cha dawa kama kilivyokuwa. Wangeongeza kwa lipi, na namba zimetulia hivyo? Huku mtoto anakonda, anakunywa maji ndoo nzima, sketi ya shule inazunguka kiunoni. Ijumaa moja asubuhi akaanza kutapika, anahema kama mtu aliyekimbizwa, na baba akambeba mgongoni mpaka barabarani, akilia waziwazi, mwanaume mzima. Walipofika hospitalini, sukari ilikuwa juu kuliko mashine ilivyoweza kusoma.

Tunamshukuru Mungu, mtoto alipona. Siku ya sita muuguzi wa kliniki ya kisukari, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya pole, aliwaita wote watatu ofisini kwake. Mezani alikuwa amepanga vitu. Akawaambia kuna mpango wa kusaidia vijana wenye ugonjwa huo, na Tusekile amepata nafasi. Wachague kitakachomfaa.

"Hizi ni kalamu za insulini," alisema. "Unazungusha hapa, unapata kipimo chako, unachoma. Hakuna tena kuvuta dawa kwa bomba la sindano. Na hiki kidude ni cha kubandika mkononi, kinasoma sukari mchana na usiku na kutuma namba kwenye simu. Ikipanda au ikishuka sana, simu inalia. Kalamu na kidude vinakwenda pamoja. Au mchukue hii pampu. Inavaliwa kiunoni, inasukuma insulini kidogo kidogo kwa mrija. Ni nzuri sana, lakini inataka mtu aliyejifunza vizuri, kwa sababu mrija ukichomoka na hakuna aliyeona, baada ya saa chache mnarudi hapa."

Mpima maziwa alitazama vile vitu. Kipimo cha damu alichopimwa pale hospitalini, kile kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu ya nyuma, kilishatoboa ukweli, na kila mtu ofisini mle alijua kwamba daftari lilikuwa la uongo. Hakuna aliyelitaja. Lakini yeye lilikuwa linamuuma. Alijiona mjinga, yeye anayekamata maji ndani ya maziwa ya watu, kudanganywa nyumbani kwake kwa kalamu ya wino.

"Sista," akasema, "kipi hapo hakidanganyi?"

"Kidude cha mkononi hakisubiri mtu aandike."

"Basi ndicho hicho. Na namba zije kwenye simu yangu kila saa. Nitamwona hata nikiwa kazini."

Hapo Tusekile, ambaye tangu waingie alikuwa anaangalia vidole vyake vilivyotobokatoboka, alisema polepole, "Basi mimi nitakibandua."

Mama akashika mdomo. Baba akageuka na kiti chake. "Unasemaje?"

"Nitakibandua, baba. Nibaki na daftari."

Mnaona hatari iliyokuwa mle ofisini? Dawa ipo, kifaa kipo, wafadhili wapo, wazazi wanampenda mtoto kufa na kupona, na bado mtoto alikuwa anarudi nyumbani kufa. Kifaa gani kitamponya mtu ambaye anaogopa kusomwa?

Yule muuguzi hakumkemea binti. Alimgeukia baba.

"Baba Tuse, naomba unisaidie kitu cha kazini kwako. Mtu akileta maziwa yenye chengachenga, unafanya nini?"

"Nayakataa."

"Yamekuwaje hayo mpaka yakawa na chenga?"

"Mara nyingi ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele."

"Na ng'ombe mwenyewe unamfanyia nini?"

Mpima maziwa alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyeona anakopelekwa. "Ng'ombe si yuko zizini kwa mwenyewe, Sista? Mimi kazi yangu ni maziwa."

"Wenye ng'ombe wagonjwa wanaendelea kukuletea?"

"Hawaji. Wanakwenda kuuzia wachuuzi huko vichochoroni, ambako hakuna anayepima."

Muuguzi akamwacha. Akasogeza chupa ya insulini kutoka huku kwenda kule, kama mwenye shughuli zake.

Na mpima maziwa akayasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia. Aliona zile Jumapili zote, moja baada ya nyingine. Mwaka mzima alikuwa anapima namba, anaikubali au anaikataa, na hajawahi hata mara moja kuuliza hali ya aliyeileta. Alivua miwani. Akaiweka mezani.

"Kwa hiyo ng'ombe..." akaanza, akamtazama binti yake.

"Ng'ombe ndiyo mimi hapa, baba," Tusekile akasema, na akacheka, na mama akacheka huku analia, na baba mwenyewe akacheka mpaka akakohoa. Wapendwa, ndicho kilikuwa kicheko cha kwanza ndani ya familia hiyo tangu mvua za masika.

Kisha baba akauliza swali ambalo alipaswa kuliuliza mapema. "Mwanangu, wewe unataka kipi?"

Binti hakusitasita, alishafikiri siku zote sita akiwa kitandani. "Kidude cha mkononi na kalamu. Pampu bado naiogopa, nacheza netiboli, labda nikishajifunza. Na simu yako ione namba, sikatai. Lakini ikiwa mbaya usiniulize nimekula nini."

"Nikuulize nini?"

"Niulize nikusaidie nini."

Wakapewa. Daktari akaandika barua ili shule imruhusu kukaa na simu, na baba na mama wakafundishwa kila kitu pamoja na binti yao.

Jumamosi ya pili baba yuko kituoni, foleni ndefu, kijiti mkononi. Simu ikalia mfukoni. Kumi na saba. Aliganda palepale. Lile swali la zamani likafika mpaka kwenye meno, akalisikia likigonga. Wafugaji wanamtazama, maziwa yanasubiri. Akatoka pembeni, akapiga.

"Tuse, mwanangu. Nimeiona. Nikusaidie nini?"

Upande wa pili sauti ndogo ikasema, "Baba, nimekula maandazi matatu kwa kina Anyisile, halafu nikasahau kuchoma. Nachoma sasa hivi. Samahani."

Maandazi matatu! Hakuulizwa amekula nini, hakuulizwa wapi, wala hakuulizwa na nani. Amesema mwenyewe, mpaka idadi. Baba akasimama nyuma ya kituo anafuta macho kwa mkono wa koti, na katika dunia nzima hakuna kitu ambacho angekubali kubadilishana na yale maandazi.

Sasa tuje kwetu, maana mmeshaanza kumwonea huruma mtu wa mbali. Nani alimfundisha binti yule uongo? Mashetani? Alifundishwa na mtu mwaminifu aliyevaa miwani baada ya ibada. Sisi tunafundisha watu uongo humu humu, na tunaimba vizuri kabisa. Kijana anakuja kwa mzee wa kanisa, anasema amerudia pombe, mzee anamwambia, "Tena?" Unafikiri atakuja mara nyingine? Atakuja, tena amenyoa, na shati limepigwa pasi, na atatuambia anaendelea vizuri. Dada anayepigwa na mumewe anatoa ushuhuda wa baraka, tunapiga makofi. Tumekuwa wapimaji hodari na tunashangaa kwa nini wagonjwa hawaji. Lakini Mungu wetu anazijua namba zetu zote, hata zile ambazo mashine haisomi, na hajamwambia mtu hata mmoja arudi nazo. Ndiyo maana tupo hai hapa asubuhi hii, na ndiyo maana bado ipo nafasi ya kusema kweli na kupona.

Mmenizoea. Huwa nawaambia geukeni, mwambieni jirani yako hivi na vile. Leo msimwambie chochote. Mgeukie, mshike mkono, mwulize habari za nyumbani. Atasema nzuri, wote tutasema nzuri. Akishasema hivyo, usiachie mkono. Mwulize tena.