Kuku na Yai la Kando ya Kichuguu

Haya, mpo?

Tupo!

Mmekuja na masikio, au mmeyaacha nyumbani?

Tumekuja nayo!

Basi yategeni. Na wewe unayesinzia hapo nyuma, usije ukaniuliza mwishoni kuku alikwenda wapi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana kama sisi, palikuwa na kuku mmoja jina lake Bi Kishingo. Shingo yake haikuwa na unyoya hata mmoja. Alikaa na vifaranga wake watatu katika boma la Bwana Nungu, yule nungunungu mwenye miiba mgongo mzima. Mwewe alimwogopa. Fisi alimwogopa. Nani angekwenda kuchezea miiba ile?

Lakini Bi Kishingo alikuwa na wasiwasi, jamani! Jani likianguka, moyo pu! Kivuli kikipita, anawaita watoto chini ya mbawa.

Bwana Nungu akamwambia, "Boma lote hili ni lako. Yai lolote ukiliona, la bata, la kanga, liatamie. Ila lile lililo kando ya kichuguu usiliatamie. Ndani yake mna kifo."

"Kama ni kifo, Bwana, kwa nini usilitupe? Au ulizungushie miiba yako nisilifikie?"

"Miiba ninayo tele, Bi Kishingo. Lakini nikikuzungushia miiba, hutakuwa unakaa kwangu, utakuwa umefungwa kwangu. Nami nataka ukae."

Siku moja akaja Kenge, mwizi wa mayai, ulimi nje, ulimi ndani.

"Shoga, ati Bwana Nungu amekukataza mayai?"

"Si mayai. Yai moja tu."

"Hilo moja ndilo lenyewe! Mtoto atakayetoka humo hamwogopi mwewe wala fisi. Atawalinda ndugu zake. Bwana Nungu hataki upate mlinzi mwingine, ndiyo shida yake."

Akaenda zake. Bi Kishingo akalitazama yai. Akaondoka. Akarudi, akalitazama tena. Akaondoka. Mara ya tatu hakuondoka. Mnawajua kuku wanavyokuwa wakiona yai limelala peke yake. Akajikunyata juu yake.

Siku ishirini na moja zikapita, yai kimya. Thelathini, kimya. Akapata hofu, lakini hakuinuka. Mpaka siku moja, ta! Likapasuka, akatoka mtoto mrefu, hana mguu wala bawa.

"Mama," akasema.

Alikuwa chatu. Wewe ungemfanya nini, naye amekuita mama? Bi Kishingo akamficha nyuma ya kichuguu, akamlisha, naye akakua upesi kupita kiasi.

Asubuhi moja kifaranga mmoja haonekani. "Mwanangu, umemwona ndugu yako?" Chatu akasema, "Sijamwona, mama." Tumbo lake lilikuwa na nundu.

Bwana Nungu akapita. "Bi Kishingo, watoto hawajambo?"

"Hawajambo, Bwana."

Asubuhi ya pili, wa pili haonekani. "Bi Kishingo, watoto hawajambo?"

"Ha-hawajambo, Bwana."

Asubuhi ya tatu hakubaki hata mmoja. "Bi Kishingo, watoto hawajambo?"

Akaanguka chini. "Bwana, nimewaua wanangu! Niliatamia yai lile!"

Bwana Nungu hakumfokea. Aliuliza tu, "Yuko wapi?"

Akaenda hadi kichuguuni. Akailaza miiba yake yote, ikanyooka mgongoni kama nywele zilizochanwa. Chatu akafumbua kinywa. Bwana Nungu akaingia mwenyewe, kichwa kwanza. Chatu akafumba kinywa.

Eti mnasemaje? Alisukumwa? Hakusukumwa na mtu! Nimesema aliingia mwenyewe.

Siku ya kwanza, kimya. Bi Kishingo hakula. Kenge akaja akicheka. "Umemponza bwana wako kwa yai moja! Kimbia, fisi anakuja."

Bi Kishingo akalitazama lango. Lilikuwa wazi, siku zote lilikuwa wazi. Lakini hakutoka.

Siku ya pili, kimya. Hakunywa hata maji. Kenge akarudi. "Bado unangoja? Aliyeingia humo ametoka lini?"

Kweli, hajawahi kutoka mtu. Bi Kishingo aliogopa kukaa, aliogopa kuondoka, akakaa.

Siku ya tatu, alfajiri, chatu akageuka huku, akageuka huku. Akaviringika. Ndani ya tumbo lake miiba ilikuwa inasimama, mmoja mmoja, halafu yote pamoja. Paaa! Chatu akapasuka.

Bwana Nungu akatoka, ubavu wake mwenyewe umechanika, na chini ya kwapa lake vifaranga watatu wanalia piii, piii.

Wewe unauliza miiba haikuwachoma? Iliwapita. Nani anasimulia, mimi au wewe?

Bi Kishingo alikuwa wapi? Amejificha chini ya ghala. Aibu!

"Bi Kishingo, uko wapi?"

"Usinitazame, Bwana."

"Toka. Watoto wana njaa."

Akatoka, akawakumbatia, akalia mpaka akachoka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Bwana, nilikuwa na wa nne, jina lake Sikudhani. Alikufa kwa kideri, ule ugonjwa wa kuku, kabla sijaja kwako. Nilimfukia kwa makucha yangu haya. Yeye hayumo tumboni mwa chatu. Yumo ardhini."

Bwana Nungu akaitazama ardhi. "Mimi ni mchimbaji, Bi Kishingo. Huko nako nitafika. Ningoje."

Ndiyo maana mpaka leo kuku hupekua ardhi mara mbili, mara tatu, kisha husimama, akainamisha kichwa upande mmoja. Mchwa anamla, sikatai, ana njaa. Lakini hapo anaposimama anasikiliza.

Funzo, wanangu, ni hili. Hiari tumepewa, hatukufungwa. Tukiasi tunaangua kifo wenyewe, na wanaoliwa ni wale tunaowapenda. Lakini kifo kilikwisha kummeza asiyemezeka, kikapasuka, ndiyo Pasaka yetu. Kwa hiyo tunaowazika hatuwaagi moja kwa moja.

Juzi, tulipomaliza kumfukia bibi yenu, mliniuliza mbona nimebaki nyuma peke yangu, nimeinamisha kichwa. Nilikuwa nasikiliza.

Hadithi nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aniachie, nitarudi nayo kwangu.