Mlinzi wa Njia ya Baharini

Ndugu zangu, palikuwa na kijana mmoja wa pwani, mtoto wa mama mkulima wa mwani. Mwani ndio uliomsomesha. Hata nauli ya kwenda kuomba kazi ya ulinzi kwenye hoteli mpya ilitoka humohumo.

Hoteli ile ilijengwa ilipopita njia ya kwenda baharini. Ukuta ukapanda, njia ikawa lango, na langoni akasimamishwa yeye. Alijua si haki. Afisa ardhi alishasema kwenye mkutano wa kijiji, naye akiwapo, kwamba ufuo ni wa watu wote na njia ile haifungwi. Alijua, ila kazi ilikuwa na miezi miwili tu.

Ikaja bamvua, siku chache ambazo maji hupwa mbali kabisa, na wakulima wa mwani huvuna. Asubuhi wanawake saba wakafika langoni na viroba vyao. Aliyetangulia alikuwa mama yake.

"Tufungulie, baba," akasema. "Maji hayasubiri."

Kijana akashika komeo. Mara meneja akatokea nyuma yake.

"Hawa ni nani? Unawafahamu?"

Ninyi mngejibu nini? Msijibu haraka. Kijana akainamisha macho, akasema, "Siwafahamu, bosi. Wapita njia tu."

Wale sita wakamgeukia mama. Meneja akaona walivyomtazama, akamwuliza, "Wewe mama, unamjua huyu mlinzi?"

Mama akamwangalia mwanawe kuanzia kofia mpaka miguuni.

"Hapana, bwana," akasema. "Simjui."

Akageuka, wenzake wakamfuata. Wakazungukia majabalini, mwendo wa saa nzima, na walipofika maji yalikwisha kuanza kurudi. Wakaokoa nusu ya mwani. Uliobaki ulikatika, ukaenda na mawimbi.

Jioni kijana alimkuta mama amemwekea chakula, amekifunika. Nyayo zake zilikuwa zimechanwachanwa na mawe. Kijana akakaa, asiweze hata kunawa.

"Mama, kwa nini ulisema hunijui?"

"Ulishasema wewe, mwanangu. Ningesema kweli, wangekufukuza kwa uongo."

Hakupaza sauti. Akamsogezea sinia. Kijana akatamani afadhali angempiga.

Najua mnangoja niwaambie kwamba kesho yake alifungua lango. Hakufungua. Na wale wanawake hawakupita tena mbele yake. Kila bamvua walishika njia ya majabalini moja kwa moja, ili wasimwaibishe.

Basi sisi je? Tunalalamika kwamba tajiri ameziba pwani. Ni nani anayemfungia lango asubuhi? Ni nani aliyekaa kwenye mkutano, akasikia haki yake kwa masikio yake, kisha akanyamaza? Bahari Mwenyezi Mungu ametupa sote, na wanaozungushwa majabalini ni mama zetu. Tunaowazungusha ni sisi, watoto wao, kwa kuogopa kusema "nawajua."

Wala msidhani nawasema ninyi peke yenu. Nami niliwahi kualikwa kusoma dua siku ya kufunguliwa jengo lililoziba njia kama ile. Nilijua. Nikasoma dua, nikala pilau, nikapewa zawadi ya kanzu.

Ndiyo hii niliyoivaa leo.