Ufa wa Bi Mwanamkuu

"Mtaalamu hana jina, ufa una mwenyewe."

Mmemsikia shangazi yenu akimrushia Tunu methali hii, kwa sababu Tunu anataka tubomoe ukuta wa jikoni, eti "wataalamu wanasema". Mnacheka. Kaeni basi niwaambie ilikotoka, maana haikuanza kwa kicheko.

Pangani kuna mwanamke anaitwa Bi Mwanamkuu, aliyesoma na shangazi yenu. Nyumba yake ni ya mawe na chokaa, aliijenga babu yake. Chumba cha mbele ni cha mama yake, Bibi Chausiku, mwenye pumu. Bibi alizaliwa chumba kile, na hataki kulala pengine.

Chokaa ilipoanza kubanduka, Bi Mwanamkuu alimwita Mzee Hatibu, fundi chokaa. Mzee akaupapasa ukuta, akasema upigwe chokaa tena. Lakini Bi Mwanamkuu alikuwa amesoma kwenye tovuti moja ya mapambo ya nyumba: "Wataalamu wanashauri kuta za zamani zipigwe lipu ya saruji na rangi ya mafuta, unyevu usipite."

"Mwanangu, ukuta huu unapumua," alisema mzee. "Ukiuziba, maji yatatafuta pa kutokea."

"Mzee wangu, wataalamu wamesema."

Mzee Hatibu akafuta mwiko wake, akaaga.

Saruji ikapigwa, rangi ikang'aa, majirani wakaja kutazama. Masika ikaingia. Ukuta ukavimba, ukaota ukungu, ufa ukashuka kutoka darini hadi sakafuni. Asubuhi moja bamba zima la lipu likaanguka kitandani kwa Bibi. Bahati yake alikuwa uani akinawa. Lakini kifua kilikuwa kimeshabana. Akahamishiwa kwa jirani, na kila siku akauliza, "Narudi lini kwangu?"

Bi Mwanamkuu alitia kipande cha lipu kikapuni, akapanda basi hadi Dar es Salaam, akaingia ofisini kwa watu wa tovuti ile. Mhariri wao, kijana aitwaye Godlove, akamkaribisha soda.

"Sikuja kunywa. Nani alisema nipige saruji?"

"Wataalamu, mama."

"Wanaitwa nani?"

Godlove akafungua kompyuta. "Sisi tulitoa kwenye tovuti nyingine."

"Nayo ilitoa wapi?"

Akatafuta, akasoma kimoyomoyo.

"Soma kwa sauti, baba, nimetoka mbali."

"Imeandikwa... walitoa kwetu."

"Kumbe mmejiuliza wenyewe, mkajijibu wenyewe! Hakuna hata mmoja wenu aliyegusa ukuta?"

"Samahani sana, mama. Makala tutaifuta leo hii."

"Muifute ili nani asijue? Aliyekwisha kuisoma atajuaje mlimpoteza?" Akakibwaga kile kipande cha lipu mezani, vumbi likatapakaa juu ya kompyuta. "Mtaalamu wenu hana jina. Ufa una mwenyewe, na mwenyewe ni mimi! Andikeni hapo juu kwamba mlikosea. Na siku nyingine mkimtaja mtaalamu, tajeni jina lake na ukuta alioushika, niende nikaupapase."

Makala haikufutwa. Juu yake waliandika kosa lao, wazi. Chini waliandika: "Hatibu Mhina, fundi chokaa, Pangani," na nyumba tatu alizozikarabati. Godlove alikwenda kuzigusa kwa mkono wake kabla ya kuandika. Msimsifu. Hapo ndipo walipopaswa kuanzia.

Mzee Hatibu alirudi kuikwangua ile saruji. Bi Mwanamkuu alipomwomba radhi, alijibu, "Ningebishana na nani, mwanangu? Uliniletea watu wasiokuwepo."

Bibi Chausiku aliingia chumbani kwake chokaa ilipokauka. Alikuwa amelala kwa watu miezi minane. Miezi minane, mtu mzima na pumu yake, kwa sababu mtu fulani aliona uvivu kuuliza jina!

Haya, Tunu, lete hiyo simu. Nani alisema tubomoe ukuta wa jikoni? Hakutajwa? Basi nyundo irudi stoo. Ukuta huu ukipasuka, hao hawatakuja kupika mvuani. Nitapika mimi.

Mtaalamu hana jina, ufa una mwenyewe.